Wiki za mimba hazianzii siku ya kushika mimba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaeleze wasomaji jambo ambalo, katika kazi yangu ya ukunga, nimeliona likizusha maneno ndani ya nyumba ambazo hazikuwa na ugomvi wowote. Jambo lenyewe ni hesabu ya kurudi nyuma. Mama anatoka kliniki na karatasi ya altrasaundi inayosema mimba ina wiki kadhaa, na kabla hajavua viatu, mume, wifi au mama mkwe amekwisha kuichukua kalenda ya ukutani, amezirudisha wiki hizo nyuma moja moja, ametua kwenye tarehe fulani na anauliza siku hiyo nani alikuwa wapi.

Swali hilo halina msingi, kwa sababu tarehe inayopatikana kwa njia hiyo, hata ikihesabiwa bila kosa, si siku ya kushika mimba. Wakunga na madaktari, hapa kwetu na kwingineko, huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku hiyo mwanamke anaweza kuikumbuka, ilhali siku yai lilipokutana na mbegu hakuna anayeiona wala kuihisi. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hupevuka karibu na siku ya 14. Kwa hiyo mimba inayoitwa ya wiki 6 ina takriban wiki 4 tu tangu itungwe, na katika wiki mbili za mwanzo za hesabu hapakuwa na mimba yoyote. Utaratibu huu ni wa siku nyingi. Kanuni tunayoitumia mpaka leo ina jina la daktari Mjerumani, Franz Naegele, aliyefariki mwaka 1851: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi mitatu, kisha ongeza mwaka mmoja, nawe utapata tarehe ya matarajio ya kujifungua, ambayo ni takriban siku 280, yaani wiki 40.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama amepimwa Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, na karatasi inasema wiki 20 na siku 3. Mwenye haraka husema kwamba wiki nne ni mwezi, kwa hiyo wiki 20 ni miezi mitano. Anarudi mpaka 15 Mei, anaondoa siku tatu, na anafika 12 Mei. Hapo amekwisha kupotea, kwani mwezi wa siku 28 ni Februari peke yake, na kati ya 15 Mei na 15 Oktoba kuna siku 153, wala si 140. Anayetaka kuhesabu sawasawa azidishe 20 kwa 7 apate 140, aongeze siku 3 zifike 143, kisha arudi nyuma siku hizo; akishafika 15 Mei ataona amepitiliza kwa siku 10, kwa hiyo asogee mbele mpaka 25 Mei, ambayo ilikuwa Jumapili. Kuhakikisha ni rahisi, kwa kuwa wiki kamili haibadilishi jina la siku: wiki 20 kabla ya Jumatano ni lazima iwe Jumatano, nayo ni 28 Mei, na siku tatu kabla yake ni Jumapili ile ile. Ukirudi wiki hizo 20 ukaangukia Alhamisi badala ya Jumatano, ujue kwamba siku ya kuanzia nayo umeihesabu.

Na bado hiyo 25 Mei ni siku ya hedhi. Mimba yenyewe inakadiriwa kutungwa wiki mbili baadaye, karibu na 8 Juni, na mtoto anatarajiwa karibu na 1 Machi 2026. Sasa mtazame mume ambaye alikuwa barabarani na lori la kwenda Lubumbashi tangu mwishoni mwa Aprili, akarudi nyumbani 2 Juni. Kwa 12 Mei ya mwenye haraka, mkewe ana kesi ya kujibu. Kwa hesabu iliyo sahihi, mume alikuwa nyumbani. Siku 27 zimepotea kwenye kalenda, na waliozipoteza ndio hao hao wanaoitisha kikao cha wazee.

Wapo watakaosema kwamba mashine haidanganyi. Ni kweli, ila mashine haijui siku ya kushika mimba. Inampima mtoto: mwanzoni urefu wake kutoka kichwani hadi matakoni, baadaye kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha inalinganisha vipimo hivyo na majedwali ambayo nayo yameanzia kwenye hedhi ya mwisho. Kipimo cha miezi mitatu ya kwanza kinaweza kukosea kwa siku 5 hadi 7; kile cha baada ya wiki 28 kinaweza kukosea kwa wiki tatu mbele au nyuma, kwa kuwa watoto hawakui kwa kasi moja. Anayetaka kujua baba ni nani kwa karatasi ya mimba ya miezi minane anaiuliza isichokijua. Kipimo cha swali hilo ni cha vinasaba, na kina taratibu zake za kisheria.

Hedhi ya mwisho nayo haikumbukwi kirahisi, hasa kwa aliyekuwa akinyonyesha au aliyeacha sindano za uzazi wa mpango miezi michache nyuma. Mkunga mzoefu hamkazanii mama ataje tarehe. Humuuliza kama ilikuwa kabla ya Sabasaba au baada yake, kama shule zilikuwa zimefunga, kama alikuwa amefunga Ramadhani na akalazimika kula siku kadhaa, na mara nyingi tarehe hujitokeza yenyewe. Isipojitokeza, ndipo altrasaundi ya mapema, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri ifanywe kabla ya wiki ya 24, inapokuwa na thamani kubwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandika karatasi hizi wasiishie kwenye idadi ya wiki. Kando yake waandike kwa kalamu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na tarehe ya matarajio, na waonyeshe kama zimetokana na kumbukumbu ya mama au na kipimo, na kipimo hicho kilifanywa lini. Maneno hayo hayachukui dakika moja kuyaandika. Usiku mama anapoletwa na uchungu kabla ya wakati, mkunga wa zamu huamua kwa karatasi hiyo kama mimba ni ya wiki 33, ambapo sindano za kukomaza mapafu ya mtoto bado zinafaa, au ya wiki 36, ambapo kwa kawaida hazitolewi tena.

Mkunga mstaafu,
Tanga