Mchango wa SHA: Kwa nini asiye na mshahara alipe mwaka mzima kwa mpigo?

Mhariri,

Mfanyakazi wa mshahara hahitaji kujipanga ili kulipia bima ya afya ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii nchini Kenya. Mwajiri humkata asilimia 2.75 na kuwasilisha pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Anayepata Sh20,000 hukatwa Sh550, na mwezi ukiisha hukatwa tena zizo hizo. Mama mboga aliyetathminiwa kuwa na mapato sawa na hayo hudaiwa Sh6,600 kwa mpigo, na kanuni za bima hii za 2024 zinamtaka awe amelipa siku 14 kabla ya mwaka wake wa bima kwisha. Kiasi ni kimoja, lakini mmoja analipa kidogo kidogo bila riba na mwenzake anatakiwa awe na pesa za mwaka mzima mkononi. Hii si haki, na dawa yake ipo.

Sababu ya kudai mwaka mzima inaeleweka. Mchango ukilipwa mwezi kwa mwezi bila masharti, watu hulipa mgonjwa akishalazwa na huacha akiruhusiwa kwenda nyumbani. Mfuko hubaki na wagonjwa watupu. Lakini ugonjwa huo unatibika kwa masharti. Anayejiunga afunge ahadi ya miezi 12, alipe mitatu ya kwanza pamoja, apewe siku 30 za kuvumiliwa akichelewa, na akiacha katikati deni limngoje siku atakayorudi. Hapo kulipa kwa mwezi hakutakuwa mwanya wa ujanja.

Serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025. Tunaikaribisha, ila wananchi waelezwe wazi kwamba huo ni mkopo: bima hulipiwa mwaka wote mara moja, nawe unarejesha kidogo kidogo. Kabla ya kukubali mkopo wowote wa aina hii, uliza jumla utakayorejesha kwa shilingi, si asilimia pekee. Chukua mfano wa mkopo wa Sh6,600 wenye riba ya asilimia 10 iliyohesabiwa kwa kiasi chote cha mwanzo. Utarejesha Sh7,260, yaani Sh605 kwa mwezi. Inaonekana nafuu. Lakini kila mwezi deni linapungua na riba haipungui nalo, hivyo gharama halisi inakaribia asilimia 18 kwa mwaka. Uliza pia ukichelewa faini ni kiasi gani, na kama bima inaendelea kufanya kazi. Majibu ya maswali haya yanastahili kubandikwa katika kila ofisi ya SHA.

Wakati mabadiliko hayo ya kanuni yakingojewa, kuna njia isiyo na riba ambayo vyama vyetu vya akiba vinaweza kuianza mwezi huu. Wanachama 12, kila mmoja akidaiwa Sh6,600 kwa mwaka, wakitoa Sh550 kila mwezi, kapu hufika Sh6,600 kamili. Pesa hizo zinalipia mwaka mzima wa mwanachama mmoja. Mwezi unaofuata zamu ni ya mwingine. Mzunguko ukikamilika, bima ya kila mmoja itakuwa inaisha kwa wakati wake, na kapu litaanza kuzunguka tena.

Ugumu uko katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa wa zamu ya mwisho atakaa miezi 11 bila kulipiwa. Kwa hiyo msipange zamu kwa bahati nasibu. Pangeni kwa mahitaji. Mjamzito awe wa kwanza, kwani SHA hulipia kujifungua kwa kawaida Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000. Wafuate wenye kisukari, presha na maradhi ya figo. Wanaongoja wasikae bure: wajisajili, maana huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na mfuko wa serikali hata kwa ambaye hajatoa mchango. Wengi hawalijui hili na hukaa na homa nyumbani.

Tathmini hazitalingana. Mmoja atadaiwa Sh3,600, ambacho ndicho kiwango cha chini, yaani Sh300 kwa mwezi, mwingine Sh10,000. Kila mtu atoe kwa mwezi sehemu moja ya kumi na mbili ya deni lake, si zaidi. Mwenye deni kubwa kuliko kapu la mwezi mmoja apewe zamu baada ya wale wenye deni dogo, ili salio lililobaki limfikie. Na anayeona tathmini yake imezidi mapato yake aombe irudiwe kabla ya kuingia zamu, si baada ya kulipiwa.

Chama huvunjika pale pesa zinapolala kwa mweka hazina. Zikusanywe na kulipwa siku hiyo hiyo, mkutanoni, kwa nambari ya kitambulisho cha mwenye zamu, naye apige *147# mbele ya wenzake kuthibitisha kwamba bima imeanza kufanya kazi. Mkutano ufanyike mapema katika mwezi wa kabla ya bima kuisha, la sivyo zile siku 14 zitawapita. Anayelipiwa mapema awe na mdhamini ndani ya kikundi, kwa sababu aliyekwisha kupata ndiye mwepesi wa kutoroka.

Waendesha bodaboda wanaokusanya kila siku wana hesabu rahisi zaidi: Sh20 kwa siku 330 ni Sh6,600, na bado zinabaki siku 35 za mvua, ugonjwa na mapumziko. Mkulima wa maziwa anaweza kuomba chama chake cha ushirika kimkate kila mwezi kabla malipo hayajaingia mfukoni, jinsi kinavyokata bei ya chakula cha ng'ombe.

Wabunge wa Kamati ya Afya wasisubiri vikundi vibebe mzigo huu peke yao. Kanuni za 2024 zifunguliwe, na anayelipa bila kukatwa mshahara apewe haki ile ile ya mwenye mshahara: kulipa kwa mwezi, bila riba.

Washauri wa vyama vya akiba,
Nakuru