Puto halifai kila mlango wa moyo

Mhariri,

Kila magazeti yanapoandika juu ya tiba ya moyo "bila kufungua kifua", wagonjwa hufika kliniki wakitaka hiyo na si nyingine. Tiba ipo na ni nzuri. Ila anayeipata huamuliwa na hali ya valvu yake, yaani mlango wa moyo unaopitisha damu upande mmoja tu. Hapo hata fedha haisemi kitu.

Chukua valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyosinyaa baada ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa tunaoujua sana huku kwetu. Valvu nzima hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikibaki 1.5 au pungufu, mgonjwa huhema akipanda ngazi na baadaye hata kulala chali humshinda. Mjapani Kanji Inoue ndiye aliyeanza kuipanua kwa puto, mwaka 1982. Katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya kinenani hadi chumba cha juu cha kulia cha moyo, ukuta wa kati hutobolewa kwa sindano ndefu, na puto huvushwa hadi kwenye valvu.

Ukubwa wa puto hukadiriwa hivi: urefu wa mgonjwa kwa sentimita gawanya kwa 10, jumlisha 10. Mwenye sentimita 160 kikomo chake ni milimita 26. Mtaalamu makini huanzia chini ya hapo, na kila akishajaza puto hurudia eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kabla ya kuongeza. Akiharakisha, kipande cha valvu huchanika, damu hurudi nyuma kwa wingi, na kifua kile kile hulazimika kufunguliwa kwa dharura.

Kuna valvu ambazo haziguswi kwa puto. Inayovuja sana ni mojawapo, maana puto hutanua tu, halizibi. Valvu hupewa alama 4 hadi 16 kwa unene, chokaa, wepesi wa kujongea na hali ya kamba zake. Hadi 8 matokeo huwa mazuri, kuzidi hapo matumaini hupungua. Hatari zaidi ni damu iliyoganda kwenye chumba cha juu cha kushoto: ikitikiswa na katheta, huenda ubongoni. Eko ya juu ya kifua huweza isiione, ndiyo sababu mgonjwa humezeshwa kipimo kupitia koo. Ikionekana, hupewa kwanza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Na ile valvu bandia ya aota (mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini) inayowekwa kupitia paja, aliyoianzisha Alain Cribier huko Rouen mwaka 2002? Ilibuniwa kwa wazee ambao valvu zao zimejaa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo huishikilia. Kijana wa baridi yabisi mara nyingi hana.

Puto haliondoi sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, kwani homa ya baridi yabisi ikirudi, valvu huweza kusinyaa tena.

Anayeambiwa anafaa au hafai aombe nakala ya ripoti ya eko, atazame mambo manne: uwazi wa valvu, alama zake, kiasi cha kuvuja, na kama kuna damu iliyoganda.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam