Ngozi ya mbuzi haimfanyi msanii kuwa shetani

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu "ushetani" katika muziki wa kisasa iliniudhi kidogo, ikanichekesha zaidi. Kila msanii aliyepanda jukwaani na pembe, manyoya au kinyago ametiwa kapu moja na kupelekwa kuzimu. Mimi nimepiga besi kwenye bendi tangu ujanani, na simtetei kila anayejipaka masizi ili auze tiketi. Wababaishaji wapo tele.

Ila mwandishi amemwonea Robert Johnson, mpiga gitaa wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi). Eti alimuuzia shetani roho yake njia panda huko Mississippi, Marekani, ili ajue gitaa! Kisa kile kilisimuliwa na LeDell Johnson kumhusu ndugu yake Tommy, mpiga bluzi mwingine kabisa, asiye na undugu na Robert. Robert yeye alikuwa na mwalimu, Ike Zimmerman.

Na huyo wa njia panda anafanya nini hasa katika kisa? Anapokea gitaa lako, anakaza nyuzi, anapiga wimbo mmoja, anakurudishia. Basi. Mwalimu wangu alinifanyia hivyo hivyo, naye alikuwa mzee wa kanisa. Wengi wanamwona hapo Legba, mungu wa Wafon wa Afrika Magharibi, ambaye Wayoruba humwita Eshu: mlinzi wa njia panda na mjumbe kati ya watu na miungu, mwenye utundu usiokwisha. Ndiye aliyepita katikati ya marafiki wawili na kofia yenye rangi moja huku na nyingine kule, wakagombana kila mmoja akiapa kwamba kaiona sawasawa. Huyo ni wa ukoo wa Sungura na Abunuwasi.

Kuhusu hao wanaovaa manyoya kama mtu-mwitu, nenda kijiji cha Joujouka, kaskazini mwa Moroko. Kwa desturi, wakati wa Idi ya kuchinja, mtu huvishwa ngozi za mbuzi, akashika matawi na kukimbiza watu akiwachapa, huku zumari zikilia mpaka masikio yawashe. Wanamwita Bou Jeloud, na wanawake anaowagusa husemwa watapata uzazi. Brian Jones wa Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, alirekodi muziki huo mwaka 1968. Sahani ikatoka 1971, yeye akiwa ameshafariki, ikiwa na jina la Pan, mungu wa Kigiriki mwenye miguu ya mbuzi. Hata waliopenda walibandika jina la kwao. Wenyeji ni Waislamu, na kijijini pana kaburi la walii wanayemheshimu sana.

Mwandishi akichukia muziki huu, masikio ni yake. Namwomba tu ausikilize ule wimbo wa njia panda ambao Robert Johnson aliurekodi San Antonio, Novemba 1936. Anayepiga magoti humo anamwomba Mungu amhurumie, kisha anajaribu kusimamisha gari limpe lifti. Shetani hatajwi hata mara moja.

Mpiga besi mstaafu