Trekta lile si Massey 135, na mwaka wake una walakini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie picha ya trekta mliyoitoa ukurasa wa kilimo, kwenye habari za maonyesho ya Nane Nane. Chini yake mmeandika kwamba ni Massey Ferguson 135 ya mwaka 1957 na bado inalima. Kulima, inalima, hapo sina ubishi. Lakini 135 ya mwaka 1957 haijawahi kuwapo. Trekta hizo zilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964. Hiyo mliyoipiga picha ni Massey Ferguson 35, kaka yake aliyetangulia.

Boneti peke yake linatosha. La 35 limeviringana mabegani. La 135 lina kona kama sanduku. Fundi yeyote wa huku Karatu angewaambia hivyo akiwa ng'ambo ya barabara.

Kazi ipo kwenye mwaka. Mpiga picha wenu, nampongeza, alisimama upande wa pampu ya noseli, ile inayosukuma dizeli ndani ya injini. Nimevaa miwani nikahesabu paipu zinazotoka kwenye pampu kwenda kwenye noseli: tatu. Basi injini yake ni ya kampuni ya Perkins, ya silinda tatu, na Perkins hiyo haikufungwa kwenye 35 kabla ya 1959. Zile za 1957 zilikuja na injini ya kampuni ya Standard, ya silinda nne. Naijua vizuri, maana nilipokuwa kibarua kwenye shamba la kahawa Oldeani ilitutesa sana asubuhi za Julai. Unapiga stata mpaka betri inalala, kisha mnaitana wanaume kulisukuma trekta kwenye mteremko.

Rangi msiitegemee hata kidogo. Karibu mwaka 1957 wote trekta hizo zilitoka na rangi ya kijivu, injini ya dhahabu. Nyekundu ilikuja mwaka unaishia. Lakini kopo la rangi nyekundu linauzwa kila duka la hadwea, na madalali wanalijua hilo kuliko sisi.

Sasa, mwenye trekta huenda hakudanganya. Inawezekana ni la 1957 kweli, na injini ikabadilishwa baadaye. Jibu liko kwenye kibati cha namba pale kwenye dashibodi. Mwambieni asikikwangue kwa msasa wala brashi ya waya, atafuta alichokuwa anakitafuta. Achukue kitambaa chenye mafuta ya taa, atoe grisi taratibu, kikauke, kisha apitishe chaki juu yake na kufuta kwa kiganja. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo ya namba na zitasomeka. Aangalie pia ribiti zinazokishikilia: zikiwa mpya zinameta kwenye kibati kikuukuu, huenda kibati kimehamishwa, aulize maswali.

Kabla ya tarakimu atakuta herufi. Zikianza na SD, trekta lilizaliwa na dizeli ya silinda nne, kwa hiyo Perkins ile ni mgeni. Zikianza na SN, ilizaliwa na silinda tatu, na mwaka 1957 tuusahau. Tarakimu zinazofuata ndizo za kulinganisha na orodha ya kiwanda kupata mwaka wenyewe. Asome pia namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Ikianza na CE na kumalizikia kwa herufi, herufi hiyo ya mwisho ni mwaka wa injini: A ni 1974, B ni 1975, na kuendelea. Huo ni umri wa injini tu. Nimeshaona mtu akiuziwa 35 kwa bei ya trekta la 1976 kwa sababu alionyeshwa herufi C.

Mtasema mzee huyu anagombana na maandishi madogo chini ya picha. Lakini kuna kijana atakayelikata gazeti lenu, apande basi hadi Arusha, aombe gasketi ya silinda hedi ya "Massey ya 1957". Muuzaji mwenye kujua atampa ya Standard, kama anayo, na haitakaa kwenye Perkins hata kwa nyundo. Akitaja Perkins silinda tatu, vipuri ni vingi, kwani familia hiyo hiyo ya injini ndiyo iliyofungwa kwenye 135.

Naomba msahihishe, na mwandishi wenu akipata nafasi arudi kwa mwenye trekta akapige picha ya kibati. Mkiitoa kubwa kidogo nitaisoma mwenyewe.

Fundi mstaafu,
Karatu