Begi la kilo 14 na safari ya miguu kwenda Mtae

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Kuna msomaji aliandika humu kwamba vijana wa siku hizi ukiwatuma chumvi hapo kona tu wanataka hela ya bodaboda, nilicheka manake wa kwangu nyumbani ndo hao hao. Lakini naomba nimjibu kidogo. Likizo ya mwezi wa sita nilitembea na vijana tisa, mdogo ana miaka 14 mkubwa 17, kutoka Lushoto mjini mpaka Mtae, huku milima ya Usambara, siku tatu kwa miguu na mabegi mgongoni. Watu wazima tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume na mwongozaji mmoja wa pale pale Lushoto. Wote walifika. Aliyetaka kuiharibu safari ni mimi, na ndo maana naandika.

Mwanzoni nilipanga kila kitu mwenyewe. Nikafungua grupu la WhatsApp, nikamwaga ratiba, menyu, orodha ya nguo, nani alale na nani, nikajiona meneja kweli kweli. Wiki mbili zikapita tiki za bluu tu, hakuna anayejibu. Nikambana mtoto wa kaka yangu, we mbona hamsemi kitu, akaniambia bila hata kuinua macho kwenye simu, "Shangazi si umeshamaliza yote, sasa sisi tujibu nini?" Ilinichoma lakini alikuwa sahihi. Usiku ule nikafuta ratiba yote nikawaandikia: hela ni hii, siku ni tatu, mwisho wa safari Mtae, yaliyobaki pangeni nyie. Nikabakiza mawili tu mkononi mwangu, fomu za afya na saa ya kufika, yaani giza lisitukute njiani, na mwezi wa sita kule saa kumi na mbili na nusu jioni jua limeshazama.

Haki ya Mungu grupu likawaka. Wakampigia mwongozaji wenyewe wakamuuliza maswali ambayo mimi na utu uzima wangu sikuyafikiria, maduka yako wapi njiani, choo cha tunapolala ni cha aina gani, umeme wa kuchajia simu upo? Swali la maduka peke yake lilibadilisha safari nzima. Kwenye menyu yangu niliandika tubebe unga, mchele na viazi vya siku tatu, kumbe Lukozi tunapolala siku ya kwanza ni soko la mbogamboga, malori yanapakia kabichi, karoti na viazi hapo kupeleka Dar, sasa nani mwenye akili anabeba viazi kupeleka Lukozi? Wakaifyeka menyu. Tulibeba chakula cha mchana wa siku ya kwanza, karanga, tende, majani ya chai na sukari basi.

Halafu kuna binti wa kidato cha tatu akaja na hesabu ya Mskoti mmoja anaitwa Naismith, ya mwaka 1892, kwamba mtu anatembea kama kilomita 5 kwa saa, na kila mkipanda mita 600 mnaongeza saa nzima. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 toka usawa wa bahari na kule juu msitu wa Magamba unavuka 2,000, kwa hiyo saa moja imeshakwenda na mlima hata kilomita hujaanza kuhesabu. Mwongozaji alisema saa sita mpaka Lukozi. Binti akaandika nane, nilipomuuliza kwa nini akasema, "Anti, sisi tunasimama kupiga picha." Tulitumia nane na kidogo, ingawa picha hazikuhusika, nitaeleza.

Sasa mizani. Jumamosi kabla ya kuondoka tuliazima ile mizani ya kuning'iniza ya muuza mkaa wa mtaani kwetu tukaifunga kwenye tawi la mwembe. Kanuni wanayotumia watembeaji wengi ni begi lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Kijana mmoja mwenye kilo 46, maana yake mwisho wake kilo 9, begi lake likasoma 14. Tukalimwaga kwenye mkeka. Jinzi mbili (jinzi ikilowa mlimani haikauki leo wala kesho), mto wa kulalia, chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka ambayo haijafunguliwa, siagi ya karanga kwenye chupa ya kioo, spika, na taulo moja zito lile la kumpa bibi harusi zawadi. Sikusema neno, wenzake ndo walikuwa mahakimu, kila kitu kinapigiwa kura. Mto ukaanguka kwa kura zote. Spika ilibishaniwa karibu nusu saa, ikaamuliwa iende moja kwa watu wote na kila mmoja atabeba zamu. Begi likaisha na kilo 8 na nusu maji lita mbili yakiwa ndani, na hayo maji peke yake ni kilo mbili.

Fomu za afya sikuwaachia na sitawaachia. Nasisitiza kwa wazazi, ulizeni kabisa habari ya pumu na sikoseli, msiandike tu "ana ugonjwa wowote?" mkaridhika. Mtoto mwenye sikoseli, baridi, uchovu na kukosa maji ya kutosha vinaweza kumwamshia maumivu makali, na Usambara mwezi wa sita mnavipata vyote vitatu kabla ya saa nne asubuhi. Mama mmoja alinipigia usiku, faragha, mwanae hataki wenzake wajue. Baada ya kuongea na daktari wake wakaamua asitembee, akaja Mtae kwa basi na mamake akatukuta kule, na yeye ndo alikuwa mhasibu wetu toka mwanzo, kila risiti ilipigwa picha ikatumwa kwake. Na kwa wasichana, pedi zibebwe hata kama tarehe zao hazijafika, tarehe zenyewe zinaweza kuteleza.

Haya, dhambi yangu. Asubuhi pale Lushoto, baridi inauma, namwona yule binti mdogo kuliko wote begi limempita mabega, huruma ikanishika. Nikaita bodaboda tatu zibebe mizigo mpaka Lukozi. Watoto wakagoma, "Anti si tulishapima?" Lakini mtu mzima ni mimi, nikashinda.

Tumeingia Magamba, mbega wanaruka juu huko na mikia yao meupe, njia inapanda, mara mtoto wa kaka yangu akaanza kuhema kwa sauti ile ya filimbi.

"Dawa yako ya kupuliza iko wapi?"

"Kwenye begi."

"Begi?"

Hakunijibu, alinitazama tu. Na fomu yake iliyoandikwa PUMU kwa herufi kubwa nilishaisoma mara tatu, nayo ilikuwa kwenye begi langu, kwenye bodaboda ya pili.

Mwongozaji akashuka mbio kutafuta mtandao. Mtoto tukamkalisha wima, ameinama mbele kidogo viwiko magotini, na yule binti wa Naismith akakaa mbele yake anamhesabia pumzi polepole, hana papara hata kidogo, mimi niliyetakiwa kufanya hivyo mikono inatetemeka. Ilichukua saa nzima mpaka boda irudi na begi barabarani na mdogo wangu aje nalo juu. Akapuliza, akatulia, rangi ikarudi. Siku ile hakuendelea kutembea, alishuka pole pole akapanda boda na mdogo wangu mpaka Lukozi, tukamkuta gesti anakula chipsi mayai. Kesho yake akatembea kama kawaida, dawa ameining'iniza shingoni kwa ile kamba ya kitambulisho cha shule, na kila mtu akabeba begi lake, mimi hakuna aliyeniomba ushauri tena.

Siku ya pili kati ya Lukozi na Rangwi tukakutana na mzee ana mzigo wa kuni. Shikamoo kumi zikamiminika. Marahaba wanangu, mwatokea wapi? Lushoto, babu. Akatuangalia, akaangalia nyuma yetu, akauliza kwa masikitiko kabisa, "Gari limewaharibikia wapi?" Wakamwambia hapana babu tunatembea tu. "Mnatembea tu," akarudia, akawatazama viatu mmoja mmoja. Halafu akatua zile kuni chini. "Basi kama mnatembea tu, nisaidieni hizi mpaka pale nyumbani." Pale penyewe ilikuwa kama dakika arobaini, nje ya ratiba, na binti wa hesabu akaingiza kwenye daftari lake "kuni, dk 40". Wakapewa mapeasi ya kujaza kofia mbili.

Rangwi tulilala kwa masista, maji ya moto na ukimya, sina la kuongeza. Mtae jioni ya tatu mlima unakatika ghafla mbele yako kama mtu kaupiga panga, chini kabisa tambarare za Mkomazi zinaenda mpaka upande wa Kenya, na wale vijana wasiofunga mdomo walikaa kwenye mwamba wote kumi, mhasibu wao akiwemo, hawaongei. Hata spika hakuna aliyeikumbuka. Basi la kurudi Lushoto linaondoka alfajiri bado giza, waliamka wenyewe.

Mhariri, nina ombi moja. Grupu halijafungwa, sasa wanataka Uluguru. Nilipowaambia Desemba kuna mvua wakanijibu hilo wanalijua, wanapanga ya mwezi wa sita. Kama kuna msomaji wa Morogoro anayezijua vizuri njia za kule juu basi aandike humu humu gazetini tutaona, na wamenituma niulize maduka yako wapi, na choo ni cha aina gani.

Shangazi wa Tanga