Mussa, slrn yako ikufuate wewe

Kwako ndugu yangu Mussa,

Salamu kutoka Tanga. Huku hatujambo, mvua imekatika na watoto wamerudi shule. Ujumbe wako nimeupata: umeshaiweka slrn, ile programu ya kusomea Usenet (mtandao wa zamani wa vikundi vya majadiliano), kwenye ile kompyuta yako ya zamani, na sasa unataka nikutumie faili langu la mipangilio ulinakili lilivyo. Sikutumii. Wala si uchoyo. Faili langu limejaa tabia zangu, na mimi na wewe hatusomi namna moja. Mimi nasoma vikundi vichache, polepole. Wewe unajiunga na kila kundi unalokutana nalo, kisha mtu akikuudhi unamjibu hata hujamaliza kumsoma. Kwa hiyo ipange hivi: kusoma kuwe kwepesi, kutuma kuwe na kizuizi kidogo.

Ya mwanzo ni mepesi. Programu huja na faili la mfano lenye maelezo kila mahali. Linakili liwe .slrnrc, ndilo faili la mipangilio, ujaze jina na anwani yako. Seva ya kuchukulia ujumbe, ile ya eternal-september, inatosha kabisa. Kujisajili ni bure na inabeba vikundi vya maandishi tu. Jina na nywila unaviweka kwenye mstari wa nnrpaccess, kwa hiyo lifunge faili hilo kwa amri ya chmod 600 wasilione wengine. Mara ya kwanza tu, iwashe kwa slrn -f ~/.jnewsrc --create, ivute orodha ya vikundi.

Sasa njoo kwenye alama, maana hapo ndipo slrn inapozipita nyingine nyingi. Kila ujumbe unapewa alama kwa kanuni unazoandika mwenyewe. Ukishuka hadi -9999 huuoni kabisa. Ukipanda juu ya sifuri unajitokeza. Kwenye .slrnrc andika set scorefile "News/Score", halafu ndani ya faili hilo weka mambo kama haya:

[comp.*]
Score: -9999
Subject: casino

[*]
Score: 500
References: mussa@

Kanuni ya pili ndiyo ninayoipenda. Kila ujumbe una kitambulisho chake, na slrn ikikitengeneza hutia ndani yake jina lako la mtumiaji. Anayekujibu lazima akitaje kitambulisho hicho kwenye References, mstari wa kichwa cha ujumbe unaotaja ujumbe uliotangulia. Basi majibu ya maneno yako mwenyewe, hata yakizama ndani ya mjadala mrefu, yataonekana mara moja. Mussa@ hapo ni mfano. Weka jina lile uliloandika kwenye username.

Si lazima ufungue faili kila mara. Ukiwa juu ya ujumbe bonyeza K, programu itakuuliza unataka kupima kwa mada, kwa mwandishi au kwa nini, na kanuni iishe lini. Tarehe ya mwisho usiiruke. Mada inayokuchosha leo baada ya mwezi imekwisha yenyewe, na faili la alama lisilofagiliwa hugeuka msitu. Mimi naua mada kuliko watu. Mtu anaweza kupayuka kwenye siasa akawa mwalimu mzuri kwenye comp.lang.c, kundi la lugha ya C. Halafu baki na vichwa vya Subject (mada), From (mwandishi) na References, kwani hivyo seva inavitoa kwa pamoja kwenye muhtasari. Ukipima kwa kichwa kingine, slrn italazimika kuvuta vichwa vya ziada, na bando lako utalilia. Takataka zenyewe zimepungua sana tangu Google Groups ijitoe Usenet tarehe 22 Februari 2024, kwa hiyo huna haja ya kanuni nyingi kama zamani.

T kubwa huficha maneno yaliyonukuliwa. Itumie, kuna watu wananukuu kurasa mbili ili waongeze "nakubaliana".

Kutuma sasa. Kwenye visible_headers, yaani orodha ya vichwa vinavyoonekana, hakikisha Newsgroups (vikundi ulikotumwa ujumbe) na Followup-To (vikundi yatakakokwenda majibu) zimo, uone ujumbe unaoujibu umetawanywa kwenye vikundi vingapi kabla jibu lako halijaenda kote huko. Kama unaandikia kwenye kihariri cha vim, weka hivi:

set editor_command "vim +%d '%s' -c 'set tw=72'"

Mistari itakatika kwenye herufi 72, na hata ikinukuliwa mara mbili tatu bado inasomeka. Utangulizi wa nukuu uufupishe: set followup_string "%r wrote:" inatosha. Sahihi isizidi mistari minne, nawe na methali zako hapo najua patakuwa na kazi.

Ukimaliza kuandika, slrn inakuuliza utume, uache, urudi kuhariri au uahirishe. Weka set postpone_directory, yaani folda ya ujumbe ulioahirishwa, na ukiwa na hasira bonyeza t. Ujumbe unalala, na siku ukibonyeza P kuandika kitu kingine utaulizwa kama unataka kuuendeleza. Nakusisitizia hili kwa sababu Usenet haina kufuta. Seva hupelekeana nakala, na seva nyingi hupuuza ombi la kubatilisha.

Kama unaweza, nenda mbele zaidi uongeze slrnpull, programu mwenza inayovuta ujumbe na kuuweka kwenye kompyuta yako, hasa kama bado unanunua bando la usiku. Kwenye slrnpull.conf andika comp.lang.c 100 14, yaani ivute ujumbe usiozidi 100 kwa mkupuo na kuutunza siku 14. Asubuhi unasoma bila mtandao, mradi kwenye .slrnrc umeshaielekeza server_object (pa kusomea) kwenye "spool" na post_object (pa kutumia) kwenye "slrnpull". Majibu yako nayo hayaondoki: yanakaa kwenye folda ya out.going mpaka slrnpull iunganishwe tena. Kwa mtu kama wewe, huo ndio mpangilio bora kuliko yote niliyotaja.

Ujumbe wa majaribio upeleke misc.test, si mahali pengine. Ukikwama, news.software.readers bado wapo watu wanaojibu, ila taja toleo la slrn unalotumia, la sivyo watakuuliza hilo kwanza. Rangi chezea mwenyewe.

Msalimie mama watoto, na mwambie shemeji yule mzigo wake nitaupakia Ijumaa.

Ni mimi nduguyo,
Hamisi