Risala ya Klabu ya Bioteknolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani kwako kuna chupa ya jemu. Ndani mna mche wa nyanya wenye majani manne, ambao haujawahi kugusa udongo. Umetokana na kipande cha kotiledoni, yaani jani la mbegu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Tuliosha mbegu za nyanya aina ya Moneymaker kwa jiki, tukaziotesha juu ya agari, yaani jeli itokanayo na mwani, na siku ya nane tukakata kotiledoni kwa wembe, kabla jani la kweli halijachomoza. Vipande tukavilaza kwenye chakula cha mimea cha wanasayansi Murashige na Skoog, fomula ya mwaka 1962, tukatia zeatini, homoni inayoamsha machipukizi. Wiki ya pili kingo zilivimba. Wiki ya tano zikatokea nukta za kijani, na mwenzetu aliyeziona kwanza alikimbia hadi bwenini kutuita.

Kazi hii tuliichagua kwa sababu. Wanaobadilisha vinasaba vya nyanya humtumia Agrobakteriamu, bakteria wa udongo anayepenyeza kipande cha DNA yake ndani ya seli za mmea. Wataalamu humwondolea jeni za kuleta uvimbe, wakamtwika jeni wanayoitaka pamoja na jeni ya kuhimili kanamaisini, aina ya antibiotiki. Lakini seli zinazoipokea ni chache. Kanamaisini huziua zisizoipokea, na iliyobaki lazima ilelewe hadi iwe mmea mzima wenye mizizi. Isipochipua, jeni imeingia bure. Hata nyanya ya Flavr Savr, iliyobadilishwa vinasaba na kuuzwa Marekani mwaka 1994, ilianzia kwenye vipande kama hivi.

Wazazi wetu, tunapenda ieleweke: sisi hatujaingiza jeni yoyote. Kazi hiyo inataka kibali chini ya kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, nasi tunaziheshimu. Tunajifunza kuotesha. Wengi wetu ni watoto wa wakulima wa nyanya, tumemwona kantangaze, kiwavi mharibifu wa nyanya, akitoboa jani na kulila kwa ndani, mahali dawa ya kupuliza haimfikii vizuri. Tunataka siku suluhisho la maabara litakapohitajika, mikono ya kulifanya iwe hapa nchini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto kubwa ni ukungu. Tunafanyia kazi ndani ya sanduku la kioo, pembeni ya taa ya spiriti, na kati ya chupa 40 za awamu ya kwanza, 23 ziliota ukungu. Kisha umeme ulikatika siku tatu. Machipukizi sita yakageuka manjano gizani. Tuliyatunza wiki saba.

Kwa hiyo tunaomba kabati la hewa safi, pamoja na inveta na betri za kuwashia taa za rafu.

Mche huo ni zawadi yako. Ukifika nyumbani, osha agari yote kwenye mizizi kwa maji ya vuguvugu, uupande kwenye udongo uliochemshwa, uufunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Toboa tundu moja kila siku kwa wiki nzima, maana umezoea unyevu wa chupa na upepo wa ghafla utaunyausha.

Tunaomba kuwasilisha.